Shangazi, Timazi na Msumari wa Shaba

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mtunza Jengo wa tawi letu atafunga madirisha ya juu kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa wa benki. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja kazini. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, nami nilishakoma kubishana na vipimo vyake. Sababu mtaisoma huko mbele, tena nitaieleza mwenyewe kabla wenzangu hawajajitolea kunisaidia.

Mhariri wa jarida alinipa ukurasa mmoja. Nikamwambia ukurasa mmoja hautoshi hata kupandia ngazi za mbele. Akasema watu hawasomi maandishi marefu. Nikamjibu kwamba siku ya sherehe watasoma tu, maana mgeni rasmi atachelewa kama kawaida yake na hawatakuwa na kazi nyingine.

Kwenye barua za ofisi anaitwa Mtunza Jengo. Wengine wote humwita Shangazi: makarani, walinzi, wateja, hata meneja wetu wa sasa, aliyezaliwa naye mwaka mmoja. Mameneja tisa wamepita mikononi mwake. Kila mmoja aliingia akidhani jengo ni lake, na kila mmoja aliondoka akiwa amejifunza kufuta viatu mlangoni.

Aliajiriwa kama mfanya usafi. Baba yake alikuwa mwashi, na alipofariki, kaka zake Shangazi waligawana nyumba, baiskeli na miko yake ya uashi. Yeye akaomba timazi tu, kile kipande cha shaba chenye umbo la karoti ambacho waashi hukining'iniza kwenye uzi ili wajue kama ukuta umesimama wima. Kaka zake walicheka mpaka wakakaa chini. "Chukua tu, dada," walimwambia, "hicho hakiliwi wala hakipandwi." Akakifunga kwenye leso, akaja nacho kazini.

Wiki yake ya kwanza, akipiga deki chini ya meza ya duara wanapojazia fomu wateja, aliona kichwa cha msumari wa shaba sakafuni. Akauliza ni wa nini. Karani mkuu wa wakati ule akamwambia mafundi waliusahau. Shangazi akainua macho, akaona pete ndogo ya chuma juu kabisa ndani ya kuba, lile paa letu la mviringo. Akayashusha macho kwenye msumari, akayapandisha tena kwenye pete. "Mtu hasahau msumari wa shaba katikati ya ukumbi," alisema, na kesho yake akaja na leso.

Mlinzi alimshikia ngazi, huku akilalamika kwamba kazi yake ni kulinda mlango, si kulinda wafanya usafi wasianguke. Uzi ukapitishwa kwenye pete, timazi ikashuka, ikayumbayumba, ikatulia. Ncha yake ilikuwa juu ya msumari kabisa, haikuachana nao hata unene wa unywele. Shangazi akatafuta daftari la kawaida la shule, akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: Imetua.

Hapo ndipo alipoanza kulisoma jengo hili kama wengine wanavyosoma barua waliyoandikiwa na mtu wao. Stoo, ndani ya bomba la bati lililokuwa likitumika kama kisimamishio cha miavuli, alikuta michoro ya mafundi wa kwanza. Michoro hiyo imetimiza miaka tisini na mmoja sasa. Kutokana nayo, na kwa kumhoji kila mwashi mzee aliyepita kuchukua pensheni yake, alipata kisa chote.

Mafundi walipochimba msingi upande wa sokoni, jembe lilizama kwenye udongo laini wa kisima kilichofukiwa zamani. Wakauvuta ukuta ndani kidogo, kwenye ardhi ngumu. Kuba likafuata kuta, kama inavyotakiwa. Lakini vigae vya sakafu vilikuwa vimeshaagizwa, pamoja na nyota kubwa nyeusi ya katikati, navyo vikapangwa kwa kupima kutoka mlangoni. Kwa hiyo kitovu cha kuba na kitovu cha nyota havijawahi kukutana. Vimepishana vidole vinne, kama ndugu wawili wanaoishi nyumba moja na hawasemezani. Mafundi wakapigilia msumari wa shaba chini ya pete, nje kidogo ya katikati ya nyota, ili watakaokuja nyuma waweze kujua kama kuta bado ziko pale walipoziacha.

Wengi wetu tulifanya kazi humu miaka na miaka bila kuona kitu. Shangazi ndiye aliyetufungua macho. Ni yeye aliyetuonyesha duara la mwanga linaloshuka kutoka kwenye kioo cha juu ya kuba: asubuhi linaanza kwenye mlango wa chuma wa chumba cha hazina, saa nne linavuka kaunta, na saa sita, miezi ya jua kali, linakaa sakafuni kama sahani ya maziwa. Foleni ya wateja hujikunja kulipisha bila mtu yeyote kuiambia. Vumbi huelea ndani yake taratibu, na kwa dakika chache hata mhuri wa karani husikika kama unagongwa kwenye nyumba nyingine, mtaa mwingine. Nimeona watu waliokuja kugomba wakisahau walichokuja kugombea. Kuna mama mmoja alisimama ndani ya duara lile, mikono ameiachia, mpaka namba yake ikapita. Alipoitwa tena alisema hapana, hana haraka.

Nguzo nne za mbele nazo ni yeye aliyezipa majina. Ya kwanza ni Mkwe, kwa sababu inasimama wima na haimwangalii mtu. Mbili za katikati ni Kaka Mkubwa na Kaka Mdogo. Ya nne ni Mvivu. Ukiigonga inalia kama debe, maana ndani ni tupu: mafundi waliiweka ili mbele papendeze, haibebi chochote. Wafanyakazi wapya huelekezwa kuegemea hiyo wakati wa chai. Mwaka nilioingia mimi, Shangazi alinitazama nikiwa nimeiegemea, akaitazama nguzo, akasema sasa Mvivu amepata pacha. Miaka ishirini na miwili imepita na bado kuna makarani wanaoniita Pacha nikigeuka. Nawasikia.

Nawasikia kwa sababu ya kuba. Hili nalo alilivumbua Shangazi, akawa anawaonya wageni wote: mnong'ono wowote unaotolewa kwenye dirisha la tatu hupanda juu, huzunguka kuba na kushuka kwenye mlango wa chumba cha hazina, neno kwa neno, kama umemwambia mtu sikioni, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Meneja wa tano hakuamini. Siku moja, akiwa amesimama kwenye mlango ule, alipokea kutoka hewani tathmini kamili ya suruali yake mpya. Tangu siku hiyo mambo ya siri tunayasemea jikoni.

Meneja huyohuyo ndiye aliyetaka kutoboa kuta ili aweke viyoyozi. Shangazi hakugombana naye. Alimwomba siku tatu tu. Kwa siku tatu alifungua madirisha ya juu alfajiri, akayafunga saa tano, akalowesha mapazia ya turubai upande wa jua. Siku ya tatu meneja aliomba aletewe koti lake. Fundi wa viyoyozi alirudi kwao na mashine yake ikiwa bado kwenye boksi. Mwaka uliofuata Shangazi akapewa cheo cha Mtunza Jengo, ambacho hakikuwepo, ilibidi kitungwe.

Lakini mkimwuliza yeye kazi yake ilikuwa nini, atawatajia siku moja tu ya mwaka: Siku ya Timazi. Jumatatu ya kwanza ya Januari, nusu saa kabla ya kufungua, meza ya duara husogezwa, feni huzimwa, milango hufungwa, na wafanyakazi wote husimama ukutani. Shangazi husimama dirisha la tatu, ambako mwisho wa uzi umefungwa kwenye kulabu, na kuushusha kidogo kidogo. Timazi inashuka kutoka kwenye mwanga wa kuba kama kitu kinachoota. Mwanzo inachora duara pana. Halafu duara linapungua, linapungua. Hakuna anayekohoa. Unasikia jengo lenyewe likivuta pumzi, au labda ni mhasibu, ana pumu kidogo. Kisha inasimama. Shangazi anasema, "Imetua," sote tunapumua, na mwaka unaanza.

Sasa nifike mahali ambapo nilitamani ukurasa uishe.

Ukuta wa upande wa sokoni una ufa. Upo tangu kabla hatujazaliwa, mwembamba, unaopanda kutoka kwenye dirisha la pili kama mto kwenye ramani. Mwaka jana makao makuu waliusikia, na mwezi Machi wakamtuma mhandisi. Mhandisi yule alikuwa mtu mpole, mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Alisema waziwazi: ufa uliolala hauna neno, lakini kama ukuta unatembea, jengo litahamwa na kubomolewa, na pale patajengwa la vioo. Vyombo vyake vilimwonyesha ufa ulivyo leo. Hakuwa na cha kumwonyesha ulivyokuwa jana na juzi.

Shangazi alikuwa likizo, kwa binti yake aliyejifungua. Mhandisi alikuja wiki mbili kabla ya tarehe aliyotuandikia, ikabidi Shangazi apigiwe simu. Alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja, mkoba ukiwa bado begani, akaweka mezani daftari lake. Tarehe thelathini na nne, na mbele ya kila moja neno lilelile. Mhandisi alivaa miwani yake, akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akasema, "Mama, kama leo pia itatua, mimi sina la kuandika zaidi ya kwamba ufa umelala."

Tukasogeza meza. Tukazima feni. Timazi ikashuka, ikachora duara lake, ikapunguza, ikasimama. Haikutua. Ilikuwa vidole vinne nje ya msumari.

Shangazi aliupandisha uzi, akaushusha tena. Vidole vinne. Akauvuta uzi, akakagua fundo, akashusha mara ya tatu. Mhandisi alisubiri kwa adabu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ripoti yake itaondoka Alhamisi, na kwamba amesikitika kwa dhati. Shangazi aliviringisha uzi, akaifunga timazi kwenye leso. Alipopita karibu yangu alisema, si kwa kuniambia mimi hasa, "Basi miaka yote hii nimekuwa nikiandika uongo."

Hapa lazima niwarudishe nyuma wiki tatu. Wakati Shangazi yuko likizo, ofisa mmoja wa tawi hili, mkuu wa huduma kwa wateja, mtu mwenye tumbo la wastani na mapenzi makubwa ya unadhifu, aliagiza sakafu ing'arishwe kwa ajili ya mhandisi aliyetarajiwa. Meza ilipoondolewa, ofisa huyo aliona msumari hauko katikati ya nyota. Ulimkera. Kitu cha miaka tisini, kiko upande! Akamwambia fundi wa sakafu aung'oe, azibe tundu kwa lipu nyeusi, na aupigilie katikati kabisa, papendeze. Fundi, kwa heshima yake, aliuliza mara mbili kama kweli. Ofisa akajibu, "Wewe piga, kaka, timazi itaufuata tu."

Ofisa huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Nieleweni, si kwamba nilitaka kuharibu. Miaka ishirini na moja nilikuwa nimesimama nyuma Siku ya Timazi nikiwaza chai, na nilichoelewa mimi ni kwamba Shangazi huilenga timazi kwenye msumari, kama mtu anavyolenga uzi kwenye tundu la sindano. Niliiona kama sherehe tu. Sikujua kwamba msumari ndio uliokuwa unashika kumbukumbu, na timazi inauliza swali. Nilielewa siku ile, nilipoona vidole vinne.

Na bado nilinyamaza. Jumatatu nzima. Jumanne nzima. Nilijiambia labda mhandisi atabadili mawazo. Nilijiambia nitasema baada ya chai, halafu baada ya mchana. Shangazi alikuja kazini kama kawaida, akafungua madirisha, lakini hakuzisalimia nguzo. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba cha hazina, mikono mapajani, akiutazama ule ufa kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyemwambia kila siku kwamba hajambo. Duara la mwanga lilimpitia miguuni, likapanda magotini, likaondoka.

Jumatano asubuhi na mapema nilikwenda dirishani kufanya mazoezi ya kukiri. Nilikuwa nimempa mgongo kila mtu, nikanong'ona kwenye kioo, kujaribu tu jinsi maneno yanavyokaa mdomoni: "Shangazi, ukuta haujasogea. Ni mimi niliyehamisha msumari." Sikuipenda. Nikajaribu tena: "Shangazi, nisamehe, mimi ni mjinga." Hiyo niliiona nzuri zaidi.

"Ya pili ni nzuri," ilisema sauti ya Shangazi, karibu kabisa na sikio langu.

Nilikuwa nimesimama dirisha la tatu.

Niligeuka. Alikuwa kule kwenye kiti chake, hatua thelathini kutoka kwangu, na alikuwa ameshasimama. Hakukimbia, Shangazi hakimbii ndani ya jengo. Alivuka ukumbi mzima bila kuniondolea macho, tukaisukuma meza pamoja, akapiga magoti juu ya nyota. Alipapasa kigae kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta mshipa. Vidole vinne kutoka kwenye msumari, kucha yake ikakwama kwenye lipu. Akaikwangua kwa ufunguo wa stoo. Tundu lilikuwa pale, la mviringo, safi, lina miaka tisini na kitu.

Nilingoja anigombeze. Alibaki amepiga magoti, anatikisa kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Niliushuku ukuta," alisema. "Nikaushuku uzi. Nikayashuku macho yangu, nikasema uzee huu. Msumari sikuushuku. Nani anahamisha msumari, Pacha? Nani duniani?" Ndiyo mara pekee aliyoniita Pacha mbele yangu, na nilistahili.

Mhandisi aliitwa kabla ya kufungua. Ilibidi nieleze yote mbele ya tawi zima, na fundi wa sakafu aliletwa athibitishe, jambo alilolifanya kwa furaha ambayo sikuiona ya lazima. Feni zikazimwa. Timazi ikashuka, ikachora duara, ikapunguza. Ilitulia juu ya tundu tupu, katikati yake hasa. Mhandisi aliinama akatazama, akazunguka upande wa pili akatazama tena. Kisha akaomba daftari, na chini ya mistari yote ya Shangazi akaweka saini yake. Ripoti iliyoondoka Alhamisi ilikuwa na ukurasa mmoja tu: ufa umelala, jengo libaki. Msumari ulirudishwa mahali pake, na mimi ndiye niliyeshika nyundo, huku watu kumi na wanne wakinielekeza.

Kwa hiyo wageni mnaosoma haya mkingoja hotuba, mmeketi chini ya kuba ambalo lingeweza kuwa kifusi. Inueni macho kidogo. Mtazame kioo kile cha juu, na mwanga unavyoshuka bila haraka, kana kwamba nje hakuna barabara wala saa. Kuna mtu alihakikisha kwamba hamtakosa kitu hiki, akawa anaandika neno moja tu kwa mwaka.

Shangazi anakwenda kukaa karibu na binti yake na mjukuu wake. Ameniambia nyumba ile ina ukuta mmoja wa jikoni ambao yeye hauamini. Nilimwuliza nani sasa atashika timazi hapa. Jumatatu iliyopita nilikuta leso imefungwa vizuri juu ya meza yangu, na kikaratasi: "Aliyeuhamisha ndiye anayejua thamani ya kutouhamisha."

Shangazi, wewe uliyetufundisha kufuta viatu, kufungua madirisha kwa wakati wake na kutazama juu, tunakushukuru kwa vyote, hata kwa majina ya utani. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, uzeeke taratibu kama ule ufa wetu, na kuta zote utakazokaa nazo zisimame wima.

Ijumaa, hotuba zikiisha, tutaisogeza meza na kuzima feni. Siyo Januari, lakini meneja amekubali. Wewe utakaa kwenye kiti chako, mlangoni pa chumba cha hazina, na tafadhali usisimame kusaidia. Mimi nitakuwa dirisha la tatu, na uzi mkononi. Ikishatulia sitapaza sauti. Nitakunong'oneza tu lile neno lako moja, na kuba litakuletea.